Herufi Mbili Nilizosahau kwa Tonton Télesphore

Mimi napaka vibao. Mutu akifungua kazi huku kwetu Cimpunda na akataka jina lake lionekane toka chini barabarani, anatuma mutoto kuniita, nami nakuja na makopo yangu mawili, la rangi nyekundu na la rangi nyeusi, na burashi ambayo imebakiza nywele chache kuliko kichwa cha babu yangu. Ukipanda ngazi za kwetu utaona kazi yangu pande zote. Kwa kinyozi nimeandika COIFURE. Kwa maman wa maharagi nimeandika RESTORA. Kwa fundi wa viatu niliandika VIATU tu, na hicho ndicho kibao changu kimoja kisichokuwa na kosa, sababu hakukuwa Kifaransa ndani.

Herufi zangu ni nzuri. Hilo hata adui yangu atakubali. Zinasimama wima, zinabanana, hakuna moja inayolala. Shida yangu iko pengine. Mimi nachora herufi sawa vile mutu anachora kuku: najua umbo lake, siulizi anasema nini. Niliacha masomo mwaka wa ine, katikati ya mwaka, mama alipougua. Siku ile mwalimu wetu, Papa Anaclet, alikuwa amefika kwenye wingi. Alituambia kwa Kifaransa ukitaka kitu kimoja kiwe vingi, unaweka S nyuma. Nikashika S yangu vizuri, nikaenda nayo nyumbani. Yale yaliyokuja nyuma ya S walifundishwa wengine.

Jina langu ni Sikujua. Mama alinipa hilo sababu hakujua kama ana mimba mpaka mwezi wa sita; alifikiri ni minyoo. Nililibeba miaka kumi na sita kama jina tu.

Sasa Tonton Télesphore. Si mujomba wangu wa damu, ni tonton wa avenue, wa mutaa muzima. Ana chumba cha mabati chenye tele tatu, mashine za jeu, ile michezo ya kuchezea kwenye tele, na benchi mbili ndefu, na vijana wanakaa humo toka masomo yakiisha mpaka umeme ukatike. Ni mutu mwema mwenye maneno mengi, na neno lake kubwa ni hili: ile imeandikwa, imeandikwa. Ukibishana naye juu ya zamu, anaonyesha karatasi ukutani. Ukimuuliza kwa nini leo hakufungua, anaonyesha karatasi. Yeye mwenyewe kusoma kwake ni kama kuandika kwangu, anaangalia umbo, lakini mimi nilikuwa sijui hilo, na yeye hakujua langu. Tuliheshimiana kama wasomi wawili.

Mwanzo wa yote ni ukuta. Tonton aliniita nimupambie ukuta wa mbele: upande wa kushoto muchezaji wa mpira, upande wa kuume yule mwanamuke anayepigana kwenye jeu ya ngumi. Akanipa boksi la jeu lenye picha yake, ndogo kama kiganja, nikuze mpaka ijae ukuta. Nikaiangalia. Wale walioitengeneza jeu ile walimuvalisha mwanamuke huyo kana kwamba kwao kitambaa kimepanda bei sana. Kamba moja juu, kamba moja chini, na buti ndefu. Wanaume wa ndani ya jeu hiyohiyo wanapigana wamevaa makoti. Niliona, nikashangaa kidogo, nikapaka. Sikuwahi kuiuliza picha maswali.

Tena niliharibu. Nilianza na kichwa, kikatoka kidogo mno. Ili kichwa kisionekane kimepotea nikaongeza mabega, na mabega yakadai kifua, na kifua kikakua mpaka kikafanana na mapapai mawili ya Kamanyola. Vijana walisifu. Mimi mujinga nikafikiri wanasifu rangi.

Siku ya mungu bamama ba shirika la kanisa walipotoka misa walisimama mbele ya ukuta ule muda wa kumaliza rozari nzima. Maman Christine, ndiye anayeongoza shirika letu, alimwita Tonton pembeni. Jioni ileile Tonton akaja kwetu kuniambia nimuvalishe yule dada, haraka. Nikampaka kikwembe cha maua, toka kwapani mpaka magotini. Lakini mwanamuke alikuwa katikati ya kupiga teke, muguu mumoja juu. Nilipomaliza, alionekana sawa mama wa watu anayeruka mufereji ili asikose misa.

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Didier, kijana mumoja mwenye mudomo kuliko wote, akampa jina. Akamwita Maman Christine. Kufika asubuhi avenue muzima walikuwa wakiagana vile: tukutane kwa Maman Christine, nakungojea hapa kwa Maman Christine, chini ya muguu.

Bamama walirudi, na safari hii hawakumwita mutu pembeni. Walitaka chumba kifungwe. Tonton alienda kwenye mukutano wa shirika kujitetea, mbele ya Papa Anaclet, ambaye siku hizi amestaafu ualimu na ni katekista. Huko alisema jeu yenyewe haina ubaya, ubaya ni kuchanganya wasichana na wavulana mbele ya picha kama zile. Akaahidi: toka juma lile hakuna musichana ataingia chumbani mwake, ataandika kibao, na kibao kitafuatwa vile kimeandikwa. Akainua mukono akaapa, Papa Anaclet akiwa shahidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamuke wa ukutani alikosa nguo, na sisi wenye nguo ndio tukafukuzwa. Jeu yenyewe ilibaki palepale. Tonton alibandika tu plasta nyeusi kwenye kioo cha tele, mahali kifua cha yule mwanamuke kinakaa akisimama. Ila yule hasimami, ni mupiganaji. Plasta ilibaki ikificha mawingu na yeye akiruka upande wa pili.

Yule aliyeumia na kiapo kile si mimi. Ni Faida.

Faida ni rafiki yangu. Anauza sambaza, vile visamaki vidogo. Asubuhi anateremka kuzinunua ziwani, anazipandisha kwa beseni kichwani, anazunguka nazo mpaka ziishe, na zikiisha anageuza beseni, ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, anaingia kwa Tonton kucheza mpira wa tele. Sabuni haisaidii. Faida akishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, mutu atakayeishika baada yake ataenda nyumbani akinuka samaki. Vijana walilalamika sana juu ya harufu ile. Mimi nilikuwa nikiangalia, sababu mimi ni mutu wa kuangalia, na niliona kwamba walilalamika zaidi siku alizowafunga. Na aliwafunga kila siku. Anacheza bila kelele, vidole gumba tu ndio vinakimbia. Mimi pia nilikuwa nikicheza, na kwa miezi minane sikupata bao hata moja, isipokuwa yale niliyojifunga.

Tonton alikuwa amepatana na mwenye chumba kingine cha jeu, kule Nguba, upande wa Ibanda: siku ya mungu baada ya misa ya pili, wachezaji wawili wa kwao waje wacheze na wawili wa kwetu, mabao yajumulishwe. Wa kwetu walikuwa Faida na Didier. Jina la Faida lilikuwa kwenye karatasi ya ukutani. Alikuwa amemuomba mama yake siku hiyo moja bila beseni, na mama yake amekubali, jambo ambalo halijawahi kutokea hata Noeli. Nilimuuliza anataka nini kule mbele. Akasema anataka kukaa kwenye benchi watu wakiwa wamekuja kumuona yeye, si sambaza zake. Basi. Hakuwa na lingine.

Siku ya tatu ya juma Tonton akaniletea kipande cha triplex, ubao mwembamba. Akasema niandike kwa herufi kubwa: *interdit aux filles*, marufuku kwa wasichana. Alilitamka neno la mwisho "fiy".

Ningependa kuandika hapa kwamba niliumia, kwamba nilimufikiria rafiki yangu, kwamba burashi ilitetemeka mukononi. Sikufikiria kitu kama hicho. Nilifikiria nafasi. INTERDIT ni neno zuri kupaka, lina miguu iliyonyooka, na nilifurahi nalo sana. Nilipofika kwenye "fiy" nikasimama, nikatafuta kichwani nilishaliona wapi. Nikaliona: kwenye ukuta wa kanisa, kwa jina la Baba na la Mwana, pale pameandikwa *Fils*. F, I, L, na nyuma kabisa ile S yangu ya wingi. Nikaona nimepona. Ni kweli kwenye misa tunalitamka "fis", lakini Wafaransa wanaandika kitu kimoja na kusema kingine, nikajiambia hayo ni mambo yao.

INTERDIT AUX FILS. Nyekundu, na kivuli cheusi pembeni. Sijawahi kupaka kibao kizuri kama kile.

Tulikipigilia juu ya mulango. Tonton akarudi nyuma hatua tatu, akakisoma kwa sauti vile alivyotaka kiwe, na vijana wote wakakisoma nyuma yake. Nikachukua makopo yangu nikaingia ndani kukaa kidogo, kama kawaida yangu. Tonton akanishika bega, polepole, na huruma kidogo.

— Hata weye, Sikujua.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba mimi ni musichana.

Jioni Faida alifika na beseni tupu. Didier alikuwa ameketi kizingitini akimungojea. Akamwambia sambaza zibaki na mama yao, toka leo maneti itanuka sabuni. Wengine wakacheka, mumoja akajifanya ananusa hewa na kushukuru Mungu. Tonton alitoka akamueleza Faida yote kwa upole, na kwamba mahali pake siku ya mungu atacheza Gaston, kijana mwingine wa pale. Faida alikuwa akiangalia kibao. Alikiangalia muda murefu, halafu akaniangalia mimi, na mudomo wake ukafanya kitu kidogo ambacho nilifikiri ni kusamehe.

Toka siku hiyo, kila jioni aligeuza beseni lake nje, akalikalia, kuelekea mulango. Mimi nilikaa naye kwenye kopo langu jekundu. Tulisikiliza mabao ya watu wengine.

Siku ya posho, kesho yake ikiwa siku ya mungu, ndipo aliniambia. Faida alifika mwaka wa tatu wa sekondari, kitu ambacho huwa nasahau sababu ya beseni.

— Sikujua, kibao ile ulikopia ku nini?

Nikamwambia kwa kanisa. Akatikisa kichwa kama munganga anayesikia kile alichokuwa anangojea. Akanieleza kwamba wasichana ni *filles*, na L mbili na E. Hilo langu, *fils*, ni mutoto mwanaume. Ni batoto wanaume ndio nimewakataza. Siku hizi zote Didier na wenzake wanapita chini ya neno linalowafukuza, wanakaa, wanacheza, wanatoka. Hakuna aliyesoma. Tonton alikuwa amewaambia kimeandikwa nini, na hiyo iliwatosha.

Masikio yangu yalipata moto. Nikaona COIFURE yote na RESTORA yote ya maisha yangu yakipanda ngazi kuja kunicheka. Nilisimama na kopo langu, nitafute ngazi, nikitengeneze palepale kabla dunia haijaamuka. Faida akanishika kikwembe.

— Kesho Papa Anaclet atakuya, bamama njo bamemutuma, aone kama Tonton anafwataka kiapo. Ule muzee hawezi kupita ku kosa bila kuisoma kwa sauti. Kama kibao inabaki vile mpaka kesho, miye nitacheza.

— Na miye batanicheka mupaka nitazeeka.

— Ndiyo, akasema Faida. Batakucheka.

Hakunidanganya, na hakuomba mara ya pili. Alisema tu kibao ni changu, akainua beseni lake, akateremka.

Asubuhi ya siku ya mungu niliamuka mapema, nikachukua kopo jekundu, nikaenda kukitengeneza. Nasema kweli, sababu kwa avenue kuna watu wanaosimulia kwamba nilifanya ushujaa. Nilienda kuokoa jina langu. Nilipanda ngazi, nikaweka burashi kati ya L na S, na nikaona hakuna nafasi. L na E haziingii. Ni vile ninavyobananisha herufi zangu, uzuri wao wote ndio huo. Nikashuka, nikalikalia kopo kufikiria, na ningali nafikiria misa ya pili ikatoka.

Wageni wa Nguba walifika wa kwanza, wawili, na viatu vyeupe ambavyo matope ya kwetu yalikuwa tayari yamevipaka rangi yake. Mukubwa wao aliitwa Hugues. Didier na Gaston walikuwa ndani, maneti mukononi. Halafu akaja Papa Anaclet na mwavuli wake, na nyuma yake Maman Christine na bamama watatu. Faida alisimama kando ya ukuta, bila beseni, nywele zimesukwa upya. Hakuniangalia.

Papa Anaclet alifika mulangoni, akainua macho, akasimama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

— Télesphore, nani aliandika hii?

— Sikujua, Papa Mwalimu.

— Sikuulizi kama ulijua. Nauliza nani aliandika.

— Njo yeye, Sikujua. Ule pale, ku kopo.

Watu wote wakageuka. Papa Anaclet aliniangalia kwa miwani, kisha juu ya miwani, na nikaona amenikumbuka kati ya watoto sabini wa darasa lile. Akasema taratibu kwamba ndiyo, niliondoka kabla ya L mbili. Akamugeukia Tonton, akamuomba asome. Tonton akasema ile imeandikwa, imeandikwa. Papa Anaclet akasema hilo amelisikia, sasa aambiwe imeandikwa nini. Tonton akasoma kwa ujasiri wote kwamba basichana hapana kuingia.

— Hapana, mutoto wangu. Imeandikwa batoto wanaume hapana kuingia.

Ndani tele ziliendelea kupiga muziki peke yao. Papa Anaclet alikuwa hajamaliza. Mwalimu aliyekaa miaka sita bila ubao mweusi hawezi kumaliza haraka. Akasema neno lile pia linaweza kuwa fil, yaani nyaya za umeme, na kama ni hivyo, yeye toka pale aliposimama anaona fil kama kumi na nane ndani ya nyumba ambayo fil ni marufuku. Na kama ni *Fils* wa kwenye ukuta wa kanisa, basi Mungu atuhurumie, Tonton amemufungia Mwana nje siku ya mungu. Bamama wakaficha midomo na vikwembe. Mimi nilijaribu kuwa mudogo kuliko kopo.

Tonton alisema ni kosa la mutoto, litengenezwe, muchezo uendelee. Papa Anaclet akamukumbusha mukono aliouinua: kibao kitafuatwa vile kimeandikwa. Hakusema vile kilivyokusudiwa. Na hapo Maman Christine akasogea mbele. Akaangalia ukuta, ule muguu juu. Akaangalia ndani, akamuona Didier.

— Miye naona kibao iko muzuri tu, akasema. Si hawa banaume njo balinipatiaka muwenzangu ku ukuta? Batoke.

Tonton alikuwa anatoka jasho. Alinigeukia mimi.

— Sikujua, tengeneza hii kitu. Rangi iko wapi?

Nilikuwa nimeikalia. Kopo lilikuwa limejaa nusu, tone moja lilikuwa limetoka pembeni likishuka kwenye kisigino changu. Kila mutu alikuwa ananiangalia, isipokuwa Faida, aliyekuwa anaangalia vidole vyake gumba. Mimi kwa kawaida mutu akiniuliza kitu mbele ya watu watano, najibu kwa kichwa. Pale walikuwa zaidi ya thelathini. Nikawaza: ningesema tu nafasi haitoshi, na ni kweli. Lakini wangegeuza ubao, wangeandika upya nyuma kwa makaa, na mambo yangeisha.

— Rangi imeisha, tonton.

Papa Anaclet akaangalia kopo. Akaangalia kisigino changu. Akashusha ncha ya mwavuli wake polepole mpaka ikasimama mbele ya lile tone, na kitambaa chake kikanifunika muguu.

— Basi, akasema, rangi imeisha. Kibao kitafuatwa mpaka rangi ipatikane.

Didier alitoka akilalamika mpaka mulangoni, na mulangoni akatafuta mutu wa kumutetea, akakutana na Maman Christine, akapita haraka. Juu ya wageni, Papa Anaclet aliamua kwamba wao si wana wa nyumba hii, ni wana wa Nguba, kibao hakiwahusu. Sheria ile aliitengeneza palepale, nadhani, lakini aliisema kwa sauti ya kitabu. Faida akaingia, akakaa katikati ya benchi, mbele kabisa. Bamama wakaingia nyuma yake na kukaa, wakisema wanakagua. Madirishani vijana wa kwetu walipandiana mabegani.

Ikabaki shida moja. Wachezaji ni wawili. Tonton akatazama chumba chote akitafuta musichana wa pili anayejua jeu, macho yake yakapita juu yangu, yakaenda mpaka ukutani, yakarudi.

Sina haja ya kusema mengi juu ya muchezo wangu. Nilianza, nikacheza na yule wa pili wa Nguba. Saba kwa sifuri. Mawili kati ya saba nilijifunga. La sita lilipoingia nilisikia Didier dirishani akisali, kwa kweli anasali, na yule kijana wa Nguba akaniuliza kama ningependa apumuzike kidogo.

Halafu Faida na Hugues. Hugues alipokea maneti iliyokuwa kwa Faida wakati wa majaribio, akaishika, akapitisha mukono puani.

— Hii inanuka nini?

— Sambaza, akasema Faida. Utazoea.

Alimufunga mane kwa moja. La tatu lilitoka mbali sana mpaka hata Papa Anaclet, asiyejua mpira wa tele, alisimama na mwavuli. Dirishani vijana walikuwa wakipiga makelele ya jina lake, wale wale wa kushukuru Mungu kwa hewa. Faida hakugeuka. Alikaa na mugongo ulionyooka kama mutu anayepigwa picha, na nikajua kile alichokuwa anataka ameshakipata, kilikuwa kinaendelea, na hakikuwa na haraka.

Ukijumulisha, tulishindwa nane kwa mane. Cimpunda ilishindwa sababu yangu mimi peke yangu, na hakuna mutu wa avenue aliyesahau kunikumbusha. Lakini wakati wa kuondoka Hugues alimwambia Tonton watarudi mwezi ujao, kwa masharti kwamba yule wa sambaza awepo. Tonton aliniambia mimi lete rangi kesho, kisha akabaki amekwama: akiandika *filles* anamupoteza Faida, akiondoa kibao anavunja kiapo, akikiacha hana wateja.

Papa Anaclet ndiye aliyemuokoa, kwa neno moja. Siku ya kwanza ya juma, kesho yake, alikuja mwenyewe, akasimama chini ya ngazi, akanitamkia herufi moja moja kama tuko darasani: N, U, S. Mwishoni mwa kibao, ambapo kwa bahati niliacha nafasi. INTERDIT AUX FILS NUS. Fil zisizo na ngozi ni marufuku, yaani nyaya zilizo wazi, wala si watu, na kweli ilikuwepo moja nyuma ya tele ya pili iliyokuwa inamuuma Gaston kila juma. Tonton aliifunga kwa ile plasta nyeusi aliyoitoa kwenye kioo. Akasoma kibao kwa sauti, akasema ile imeandikwa, imeandikwa. Hakuniuliza rangi ilitoka wapi.

Faida baadaye aliniambia *nus* maana yake pia ni uchi. Kwa hiyo kibao kinaweza kusomwa kwamba wavulana wasiovaa nguo wasiingie. Maman Christine aliposikia alisema hata hivyo ni vizuri, kwa usalama. Kwenye ukuta nilimuongezea yule mwanamuke kichwa, bure, kimekuwa kikubwa mno sasa. Kikwembe kimebaki. Vijana bado wanakutana chini ya muguu, ila wanasema tu "kwa maman".

Juma lililopita kinyozi aliniita. Alikuwa amesikia habari, akasimama nami chini ya kibao chake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama COIFURE iko sawa. Nikaangalia. Nilikuwa nimeshamuuliza Faida, najua F ngapi zinatakiwa. Nikaangalia pia nafasi kati ya I na U, na F moja iliyobanwa pale katikati, imesimama wima, nzuri sana.

Nikamwambia rangi imeisha.